Bembea ya Nidelvia

Nidelvia alisuka bembea ya kulalia, wavu wa nyuzi unaoning'inizwa, kwa mikono yake, kama walivyofanya wanawake wa kijiji chake huko Yucatán. Nyumba nzima hulala kwenye bembea. Vitanda ni vya hospitali. Kwa hiyo mumewe Eleuterio alipotoka chumba cha wagonjwa mahututi, alikokuwa akipumua kwa mashine kwa wiki kadhaa, Nidelvia alimlaza humo. Akamlisha mchuzi wa kuku kwa kijiko. Akamwogesha, akamvalisha, hata nzi akamfukuzia yeye.

Miezi ikapita. Mapafu yalipona, lakini miguu ya Eleuterio ilibaki myembamba, haina nguvu hata ya kumfikisha mlangoni.

Ndipo akaja Yazmín, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka kituo cha afya. Alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akamwambia asukume kwa miguu. Eleuterio alitetemeka, akasimama, akacheka. Nidelvia hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mumewe augue. Wivu ukamshika.

Yazmín alipoondoka, Nidelvia alimgeukia mumewe.

"Kwa hiyo kwa yule msichana una miguu, kwangu huna?"

"Nide, mke wangu, yeye ananiambia nisimame. Wewe hunipi nafasi."

Nidelvia alinuna siku nzima. Yazmín aliporudi, alimkuta amekaa mlangoni, mikono kifuani, akimlinda mume kama kuku wa kuibiwa. Yazmín akaomba mgonjwa asishinde kwenye bembea mchana. Hapo akawa amegusa kidonda.

"Bembea hii nimeisuka mimi. Sasa unataka kunitolea mume ndani yake?"

Yazmín hakukasirika.

"Mama, mtu akilala muda mrefu akiwa mahututi, misuli hunyauka. Hairudi kwa kulala. Hurudi kwa kutumiwa kidogo kidogo, na kwa chakula cha kujenga mwili. Huchukua miezi, pengine mwaka au zaidi. Kwenye bembea hana pa kukanyaga. Mimi naja mara moja kwa wiki. Wewe uko naye kila siku. Wa kumsimamisha ni wewe."

Wivu wa Nidelvia haukwisha, ila sasa ulipata kazi ya kufanya. Kesho yake aliikunja bembea, akaegemeza kiti ukutani kisiteleze.

"Simama," alimwambia mumewe. "Jifanye mimi ndiye yule msichana."

Eleuterio aliinuka nusu, akarudi kitini, akajaribu tena. Akihema sana, walipumzika. Alikula mwenyewe, na mchuzi ulipomwagika Nidelvia aliikalia mikono yake asimsaidie. Kuna siku walikata tamaa, wakaanza upya.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Nidelvia alimaliza kuoka mikate ya mahindi, akajilaza kwenye bembea kwa uchovu. Eleuterio aliinuka kitini bila kushika kitu, akaja nyuma yake, akaanza kumbembeza taratibu.

Yazmín alipita akawakuta hivyo. Nidelvia hata hakuinuka.

"Mtazame ukitaka," alisema. "Lakini huyu nimemsimamisha mimi."