Mashahidi Kumi na Wanne

Kila asubuhi kabla ya shule, Evaresta alifagia uwanja wa Mjomba Godbless pale Moshono, akachota maji na kuchemsha chai. Mjomba aliinywa chai hiyo bila asante, huku akitafuta la kulalamikia.

"Sukari haikai humu ndani!" alifoka siku hiyo. Kisha akamgeukia dada yake. "Ndeshi, mwezi ukiisha hujapata kazi, rudi mlimani kwa mama ukapalilie kahawa. Na mtoto wako uondoke naye. Nimechoka!"

Mama Evaresta aliinamisha kichwa. Alikuwa mpishi wa kambi za watalii wanaopanda Mlima Meru, lakini kampuni iliyomwajiri ilifungwa tangu Februari. Evaresta alikuwa darasa la saba, mtihani umebaki miezi miwili. Ahame sasa, aende wapi?

Mama alikuwa na ukurasa kwenye mtandao wa ajira, ule ambao watu huandika kazi walizofanya ili waajiri wawaone. Lakini ukurasa wenyewe, jamani! Jina, picha ya harusini, na neno moja tu: mpishi. Nani angeuliza?

Jioni ile Evaresta alichukua simu ya Mama bila kuomba. Akaandika: "Mpishi mkuu. Uzoefu wa miaka ishirini. Bingwa wa vyakula vya Kiitaliano." Kisha akaingia kwenye kundi la ukoo na kuomba, kwa jina la Mama, kila mwenye ukurasa amwandikie ushuhuda. Wameru wakiitwa kusimama na mtu wao, husimama. Hawaulizi kesi ni ipi. Kufikia kesho yake mashahidi walikuwa kumi na wanne. Hata babu mdogo, fundi baiskeli aliyeonja chakula cha Mama misibani tu, aliandika kwamba mikono yake ni ya kimataifa!

Siku ya tatu hoteli moja ya mjini ikapiga simu. "Mungu amenijibu!" Mama alishangilia. Evaresta akajitia kuosha vyombo.

Jumamosi walikwenda wote wawili, maana Mama hakupenda kumwacha binti yake na Mjomba. Meneja, Bi Lilian, aliitikia shikamoo ya Evaresta bila kumtazama.

"Niambie, lasanya unaipikaje?"

"Lasanya?" Mama alitoa macho. "Siijui, madam."

"Si umeandika wewe ni bingwa wa vyakula vya Kiitaliano? Na hawa mashahidi wako, wote jina la ukoo wako: Mbise, Mbise, Mbise! Hapa ni hotelini au kwenye kikao cha harusi? Mama mzima huoni aibu?"

"Ni mimi niliyeandika," Evaresta alisema huku machozi yakimtoka. "Mama hajui lolote."

"Basi umemharibia mama yako. Mlango ule pale."

Nyumbani Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Njia ya mwongo ni fupi! Fungeni mizigo."

Mama aliketi jikoni, uso umemvimba kwa hasira. "Lete simu," alisema. "Futa yote. Sasa andika ninachokijua."

Evaresta aliandika. Miaka tisa kambini. Kupikia watu thelathini kwa mkaa, mvua ikinyesha. Kuoka keki kwenye sufuria, makaa juu ya mfuniko. Kumpikia peke yake mgeni anayedhuriwa na karanga.

"Mama, mbona hukuandika haya tangu mwanzo?"

"Niliona aibu kujisifu. Kumbe nami nilikosea."

"Na nani alikuona ukiyafanya?"

Mama alisonya. "Sifaeli, yule kiongozi wa wapanda mlima. Tuligombana, hatusemeshani mwaka wa pili sasa."

Hata hivyo alimeza kiburi, akamwandikia. Jibu la Sifaeli lilikuja ukurasani, kavu, bila salamu: "Nimefanya kazi na Ndeshi miaka sita. Ana mdomo mkali na simpendi. Lakini hajawahi kuchelewesha chakula, na sijaona mgeni wake akiumwa tumbo."

"Amenitukana huyu!" Mama aling'aka. Lakini hakuufuta ushuhuda ule.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, alipiga simu Mzee Lemburis, mwenye kambi ya watalii, aliyekuwa ameusoma ukurasa ule. Alimtaka Mama aje apike mbele yake. Mama alipika, keki ya sufuria ikaiva vizuri, na kazi akapewa palepale.

"Sifa za ndugu huwa sizisomi," Mzee Lemburis alimwambia. "Ila asiyekupenda akisema unaweza, huyo namwamini."

Mjomba alipopewa habari, aliguna tu na kudai chai yake. Mama alimshika Evaresta bega.

"Waliotupenda walisema uongo, tukafukuzwa kama wezi," alisema. "Asiyenipenda amesema kweli, na wewe utafanya mtihani wako hapahapa. Mwanangu, fanya kazi yako vizuri na uieleze kama ilivyo, ili hata adui yako akiulizwa, akose cha kusema isipokuwa kweli."