Kigingi Kipya Chini ya Mlimau

Georges Kapenda alikutwa kifudifudi, uso na kifua ndani ya bwawa la yungiyungi, miguu imebaki kwenye ngazi ya mawe. Maua ya jakaranda yalikuwa yameanza kumfunika mgongo.

Nje ya lango watu walikuwa bado wanamsubiri. Walikuja na watoto wao, wengine wamevaa nguo za kanisani. Kila msimu, jakaranda zinapochanua, mvua za kwanza zinaponyesha, na tena wakati wa baridi, Georges aliwatembeza wakazi wa Likasi katika bustani ya Villa Hortense, jumba la zamani la mkurugenzi mmoja Mbelgiji. Aliwaeleza nani aliipanda miti ile na nani aliimwagilia. Kila mahali pa kusimama alipachika kigingi chekundu.

Inspekta Emérance Mwansa alichuchumaa kando ya bwawa. Daktari Osée alikuwa amekwisha kuugeuza mwili.

"Ana jeraha kisogoni," daktari alisema. "Alianguka chali, akajigonga kwenye ukingo, akabingirika majini. Lakini jeraha halikumuua. Tazama povu hili puani. Alikufa maji."

"Kwa hiyo alipoanguka alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Mtu angemvuta, angepona."

Emérance alitazama shati la marehemu. Kifuani palikuwa na madoa mawili mekundu, moja kila upande.

"Na hii damu?"

Daktari alilisugua doa moja kwa pamba, akainusa. "Si damu. Ni rangi ya mafuta."

Bertin, mlinzi wa bustani, alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Ni weye ulimukuta?" Emérance alimuuliza.

"Ni minye, Madame l'inspecteur. Nilikuya kufungua portail, bantu baingie, nikaona miguu yake."

"Nani aliingia mbele yako?"

"Georges mwenyewe, na marteau ya kupigilia na kigingi kimoja cha mupya. Alikipaka rangi jana magaribi, ilikuwa haiyakauka muzuri. Nilimuuliza, hiki ni cha fasi gani? Akasema leo atabaonesha fasi moja yenye hakuna muntu anaijua."

"Nani mwingine?"

Bertin alitazama upande wa jikoni. "Mama Adrienne tu. Eko nakuyaka asubui kuwasha mbabula, kupika chai ya bageni."

Emérance aliizunguka bustani taratibu. Vigingi vya siku zote vilikuwa mahali pake, rangi yao imefifia. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, alikuta mlimau mzee. Chini yake palikuwa pamefagiliwa, hapana hata ua moja la jakaranda. Katikati palikuwa na tundu jembamba, udongo wake mbichi. Kitu kilipigiliwa pale asubuhi hiyo, kisha kikang'olewa.

Akaenda jikoni.

Mama Adrienne Ngalula alikuwa ameketi mbele ya jiko lake la makaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, kikwembe alichojifunga kilikuwa safi. Maji yalikuwa yakichemka na hakuyatoa. Emérance aliishusha sufuria. Kati ya makaa kulikuwa na kipande cha mti kilichoungua nusu, rangi nyekundu ikitokota juu yake.

"Mama, nionyeshe mikono."

Mama yule aliinyoosha bila kubisha. Alikuwa ameiosha sana, lakini wekundu ulibaki kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha.

"Georges iko na alama ya mikono hii mu kifua," Emérance alisema kwa upole. "Una haki ya kunyamaza, mama."

"Nilishanyamaza myaka mingi." Aliyatazama makaa. "Ni mutoto wangu eko pale."

"Chini ya mlimau?"

"Ile mwaka balitufukuza siye bantu ba Kasai mu manyumba, basema turudie kwetu, tulilala pa gare, tunangoja train. Batoto balikuwa banafwa. Wangu alishikwa na kuhara, akafwa mu mikono yangu. Sentinelle, mulinzi wa bustani wa wakati ule, alitufungulia, tukamuzika pale. Bila padri, bila musalaba. Kiisha train ikakuya. Bwana yangu akapanda na batoto bengine. Minye nikashindwa."

"Ukabaki peke yako?"

"Nani angebaki naye?"

Emérance alichuchumaa karibu naye.

"Nikatafuta kazi hapa. Kila asubui nafagia pale. Hakuna muntu alijua."

"Georges alijuaje?"

"Ni minye nilimwambia. Nilikuwa mugonjwa, nikasema, kama nafwa, kuwe hata muntu mumoja mwenye kujua. Alilia pamoja na minye. Leo namukuta na marteau, eko anapigilia kigingi chake."

"Alisema nini?"

"'Mama, ni histoire yetu. Bantu banapashwa kujua.' Nikamwambia, Georges, ile si histoire, ni mutoto. Banakuyaka na matelefone yabo, banakula mikate, banacheka. Batasimama juu yake, bapige mapicha. Akasema yeye atasema vizuri, kwa heshima. Akasema bageni balishafika."

"Ukang'oa kigingi."

"Nikakitosha mu udongo, nikakimbia nacho. Alinifuata mpaka pa ngazi, anataka nimurudishie. Nikakiangusha, nikamusukuma na mikono mbili."

"Alianguka majini akiwa hai, mama."

Kwa mbali, langoni, mtoto alikuwa akiuliza matembezi yanaanza lini.

"Najua," Mama Adrienne alisema. "Nilisikia anapiga maji. Alikuwa karibu, ningemukamata shati. Nilisimama pale. Nikawaza, akitoka atasema. Maji ikatulia. Njo nikaokota kigingi, nikakuya kuwasha moto." Alikunja viganja vyake vyekundu. "Alikuwa muntu muzuri, Georges. Usiandike kama alikuwa mubaya."

"Nitaandika ulivyosema."

Emérance alimsaidia kusimama. Hakumfunga pingu. Walipopita karibu na mlimau, mama akasimama.

"Inspecteur. Sasa batamuchimbua?"

Emérance alitamani kumdanganya. "Sijui, mama. Parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, ndiyo itaamua. Watataka kuhakikisha maneno yako. Naona watachimba."

Mama Adrienne hakuwa amelia, wala kando ya makaa, wala alipokuwa akikiri. Aliketi chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wafanyavyo kwenye kilio, akaliita jina la mtoto wake kwa sauti. Watu wote langoni wakalisikia.