Jiji Lililoota Toba

Alasiri ile jiji zima la Nyang'oro lililala. Watu walilala juu ya mikeka katika Ukumbi wa Toba, wakalala majumbani, wakalala kwenye vibaraza vya maduka yaliyofungwa, kila mmoja amejifunga kilemba-ndoto, kitambaa chepesi cha rangi ya majivu kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Vipepeo, yale magari madogo yarukayo yanayovusha watu kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine, vilikuwa vimetua vyote. Roboti za usafi zilipita kwa kunyata katikati ya waliolala, zikiifunika miguu iliyochomoza nje ya shuka. Na juu kileleni, ndani ya kuba la kioo, mtambo uitwao ndotozi ulikuwa ukinong'ona, ukimimina katika vichwa vya wapiga kura majuto ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Yona Chidumizi. Aliwahi kuwa meya wa Nyang'oro, akahukumiwa kwa kula rushwa, akafungwa, akamaliza kifungo chake. Sasa aliutaka umeya tena.

Sheria ya jiji haikumzuia. Ilisema kwamba mla rushwa aliyemaliza adhabu yake anaweza kurudi kuomba kura, mradi kwanza aitoe toba yake kwenye ndotozi, wapiga kura waionje usingizini. Zamani wagombea wa namna hiyo walipiga magoti jukwaani, wakalia machozi ya mamba, wakagawa kanga na pilau. Wananchi, kwa kuwa wana huruma, na kwa kuwa pilau ni pilau, wakawasamehe. Ndotozi haikuhongeka kwa pilau. Majuto ya uongo hayakupita kwenye nyuzi zake. Yalikwama kama machicha kwenye kung'uto.

Aliyeibuni ni Mhandisi Vumilia Kihwele, mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuongea na mitambo kama watu wanavyoongea na mbuzi wao. Sheria hiyohiyo ilimtaka mhandisi mkuu aiote toba kabla ya wengine wote, kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla wageni hawajanawa. Kwa wagombea wengine hilo halikumpa taabu. Lakini huyu Chidumizi ndiye aliyemfanya mjane.

Mumewe, Beda Chilongani, aliingia hospitali ya jiji akiwa na mguu uliovunjika tu. Ulikuwa mwaka wa joto kali, ambao ndege walidondoka kutoka angani. Wodi zilitegemea vipoozi vipya, mashine za kutuliza hewa, na vipoozi hivyo havikuwa vipya. Vilikuwa vyuma chakavu vilivyopakwa rangi, na meya alijua, na kwa kujua kwake alipewa chake. Vilipozimika, mlango wa wodi ulioendeshwa na umeme huohuo nao ukagoma kufunguka. Hakuna aliyetoka mzima humo.

"Kwa hiyo unakwenda kuiota roho ya mtu aliyemuua mumeo," alisema Nyemo siku ile Vumilia alipokuwa akijiandaa kuonja. Nyemo alikuwa dada yake Beda, wifi mtu, Mgogo wa kuzaliwa na mwenye ulimi wa kukaangia karanga. "Ninyi Wahehe mna vifua vya mawe."

"Nakwenda kupima kama anajuta, wifi."

"Na akijuta?"

"Nitasema anajuta. Kazi yangu ndiyo hiyo."

"Haya. Mimi kilemba changu wape panya wakazalie. Sioti."

Vumilia alicheka, akalala, akafumba macho.

Ndotoni alikuwa na mikono mikubwa ya mwanamume na pete kidoleni. Alikuwa ofisini, pazia linapepea taratibu, na mbele yake kimesimama kipoozi kinachong'aa kwa rangi mbichi. Mkono ule ukakigonga. Kikalia mlio mtupu, mlio wa debe. Akausikia vizuri kabisa. Akasema, "Sawa." Hapo neno lile likaanza kukua. Likatoka dirishani, likatanda juu ya jiji kama wingu lisilo na mvua, na yeye akawa anatembea chini yake bila kufika. Ofisi ikawa seli. Ukuta wa seli ukawa mwembamba kama maji, na nyuma yake akawaona wagonjwa wamelala wanamtazama bila hasira, na kule kukosa hasira kukamtesa kuliko fimbo. Kila alfajiri alipiga magoti akawataja kwa majina, kuanzia kitanda cha dirishani hadi kitanda cha mlangoni. Wa mlangoni alikuwa Beda. Vumilia alilitaja jina la mumewe kwa kinywa cha mtu aliyemuua, na likampasua kifua.

Aliamka analia. Taa ya ndotozi ilikuwa ya kijani. Ilikuwa toba ya kwanza ya mgombea kupita, nyingine zote zilikuwa zimekwama. Vumilia hakuwa mtu wa kuficha ukweli hata unapomuunguza, basi akathibitisha kwa alama ya kidole, na kesho yake alasiri jiji zima likalala na kuota.

Siku zilizofuata Nyang'oro iligeuka mahali pa ajabu. Watu walitembea polepole, wakapishana kwa heshima, wakasalimiana kwa sauti za chini kama wenye mgonjwa ndani. Sokoni wauza nyanya walijikuta wanalengwalengwa na machozi bila sababu. Ubishi wa kama mla rushwa anastahili kusamehewa, ambao zamani ulivunja hata ndoa, ulikwisha wenyewe. Kufanya kosa si kosa, walisema, kosa kurudia kosa. Mtu ameteseka kiasi kile, tumpe nini tena kama si kura?

Naye Chidumizi alipita mitaa yote akiwatania. Nyang'oro ni jiji la Wahehe na Wagogo, na Wahehe na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani kwako huweza kumkamata jogoo wako mbele ya macho yako, akaondoka naye, na ukinuna unachekwa wewe. Chidumizi, Mgogo, alilijua hilo vizuri. "Watani zangu Wahehe," alisema kila jukwaani, "mtani akibeba jogoo wako utampeleka mahakamani?" Umati ulicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Furaha yake haikumshangaza mtu. Mtani asiyecheka ndiye angewashangaza.

Ilipobaki siku moja kabla ya kura, Nyemo alikuja kwa Vumilia na chungu cha mlenda. Ilikuwa siku ya kumkumbuka Beda. Kila mwaka siku kama hiyo walikula mlenda alioupenda, kisha Vumilia alisimulia jinsi Beda alivyomtania asubuhi ile ya mwisho, kwamba Mhehe ameolewa na Mgogo ili apate wa kumwombea chumvi kwa majirani. Nyemo alikuwa anaijua hadithi hiyo neno kwa neno, na kila mwaka aliicheka upya.

Safari hii Vumilia alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nisamehe, wifi," alisema. "Niliusikia ule mlio. Nilijua ni debe tupu. Nikasema sawa."

"Nani alisema sawa?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyemuua Beda."

Nyemo aliweka chungu chini. Akamshika mabega kwa nguvu. "Vumilia, nitazame. Siku ile wewe ulikuwa kwenye kipepeo unaleta barafu. Ulikuja na mapande ya barafu mikononi mpaka ngozi ikababuka. Ulitaka kuuvunja ule mlango kwa kichwa. Mimi nilikuwepo!"

"Najua. Nakumbuka barafu." Vumilia alilia kwa uchungu. "Lakini nikikumbuka, moyo unaniambia nilikuwa najifanya. Kwamba nimeua, halafu naleta barafu."

Nje, vipepeo vilipita vikiangusha vivuli vyepesi juu ya paa.

"Toba ya Chidumizi mmeibeba ninyi," Nyemo alisema hatimaye. "Haya. Na yeye amebaki na nini?"

Vumilia aliwasha kiwambo cha ukutani. Chidumizi alikuwa akihojiwa, uso umenawiri, shati jeupe. Mwandishi wa habari alimuuliza anaendeleaje na mzigo wa yaliyopita. "Ninalala fofofo," alijibu, "kama mtoto mchanga. Hata sielewi kwa nini watu wananilia."

Vumilia alikizima kiwambo. "Wifi," alisema polepole, "unakumbuka tulipoijaribu ndotozi mara ya kwanza? Nilikuotesha majuto yangu ya utotoni, ya kuiba sukari ya mama na kumsingizia mdogo wangu akapigwa."

"Nisikumbuke vipi? Mpaka leo nikiona sukari nahisi mimi ndiye niliyempigisha mtoto wa watu. Unadhani kilemba chako nilikikataa kwa nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo ndoto zilivyo. Wewe ndiye msomi."

"Mimi haikunisumbua tena. Nilijisikia mwepesi, nikafikiri ni ule wepesi wa mtu aliyeungama." Vumilia alijifunika uso. "Haigawi, Nyemo. Nilidhani inagawa kama moto wa kibatari, unawasha cha jirani na chako kinabaki kinawaka. Kumbe inahamisha. Kinachotoka kwake hakibaki kwake."

Aliita Tume ya Uchaguzi papo hapo. Ofisa mmoja mwenye adabu nyingi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama toba ilikuwa ya kweli wakati inapita. Vumilia alisema ndiyo, ilikuwa ya kweli. Ofisa akasema basi sheria imetimizwa, na akamtakia jioni njema. Kuyarudisha majuto nako hakukuwezekana. Ndotozi ilijengwa kupokea kwa mmoja na kumimina kwa wengi, si kinyume chake.

"Basi kamwambie mwenyewe, mbele za watu," Nyemo alisema. "Mimi nikisimama kumsema ni ugomvi, watasema Wagogo wanavuana nguo. Wewe ni Mhehe. Neno la mtani si tusi."

"Nitamsema nini? Kila nikimwona nataka kumkumbatia."

"Mkumbatie. Kisha mseme."

Asubuhi ya kura ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na mstari mbele ya kituo ulionekana kama unatoka mawinguni. Watu walisimama kimya, nyuso zimelegea kwa huruma. Vumilia alisimama kati yao, Nyemo nyuma yake. Chidumizi alikuja kwa miguu, kofia mkononi, akamsalimia kila mtu.

"Kamwene, mtani wangu!" alimwambia Vumilia. "Mbwa wangu haonekani tangu jana. Mmeshamla?"

Watu walicheka kidogo utani ule wa zamani, kwamba Wahehe hula mbwa. Vumilia alimtazama, na huruma ikamjaa kifuani kama maziwa yanayofura. Alimpenda mtu yule. Hakutaka kuendelea. Akaendelea.

"Mtani," alisema, "mtani huchukua jogoo mchana, watu wakimwona, kisha hushika jembe akachimba kaburi. Kaburini kwetu sisi hatukukuona. Lakini nimekusamehe, na hilo nalisema mbele za Mungu. Ukiumwa nitakuletea uji. Leo unachotaka si msamaha, unataka funguo za wodi."

Chidumizi alitabasamu, akingoja mahali pa kucheka.

"Basi nakuomba jambo moja tu. Gerezani, kila alfajiri, ulikuwa unawataja watu waliokufa mle. Wataje."

"Hilo si jambo gumu," alisema Chidumizi. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akaangalia juu, akaangalia kofia yake, kama mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi. Hakuonyesha hofu. Uso wake ulikuwa msafi kama wa mtoto. "Walikuwa wengi," alisema. "Wengi sana, masikini."

Kisha mwanamke mmoja mwenye kikapu cha vitunguu, ambaye hakuwahi kukanyaga wodi ile maishani mwake, akasema kwa sauti ndogo, "Anjelina Mgongolwa, kitanda cha dirishani."

"Petro Mbogoni," akafuatia mzee mmoja mbele yake. Wakapokezana wawili, watano, kisha mstari wote, mpaka kule ulikomezwa na ukungu. Hakuna aliyewafundisha. Walitaja jina baada ya jina, kitanda baada ya kitanda, kwa mpangilio uleule, na wengi wao walikuwa wanalia machozi ambayo hayakuwa yao. Walipofika kitanda cha mlangoni, sauti ya Vumilia ilikatika. Nyemo, ambaye hakuota chochote, alilitaja jina la kaka yake kwa nguvu kuliko wote.

Chidumizi alikuwa amesikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kofia kifuani, kama mgeni anayesimama wimbo wa watu wengine unapoimbwa. Akamwinamia Vumilia asije akasikiwa na jirani.

"Mtani," alinong'ona, "hao ni nani?"

Aliuliza kwa dhati, akitaka kujua. Vumilia alimshika mkono akaubana kidogo, akauachia. Mlango wa kituo ulifunguliwa, na mwanamke wa vitunguu akaweka kikapu chake chini, akafuta uso, akaingia ndani kupiga kura.