Machozi ya Ukurasa wa Mwisho

Kila siku baada ya chai ya saa kumi, Cecily Thorold, binti wa miaka kumi na mmoja, alipaswa kusoma. Kitabu alichopewa kilikuwa riwaya aliyoiandika Shangazi Lavinia, kuhusu maisha ya mabwana wakubwa na mabibi zao. Madukani kilikosa wanunuzi. Huku nyumbani Aldermere kilipata kazi nzuri: kuzuia dirisha lisigongwe na upepo.

Shangazi alikuwa ameahidi kumpeleka Cecily baharini, Whitby, mradi akimalize. Alipowasili Jumamosi, manyoya ya kofia yake yakiwa kama kuku aliyenyeshewa, aliuliza kabla hajaketi:

"Haya, mmekionaje?"

"Kizuri mno, wifi!" Mama alisema, akimmiminia chai. "Ule mwisho! Nililia."

Cecily alimtazama mama yake, akaiwaza bahari. "Hata mimi, Shangazi. Nililia mpaka mto ukalowa."

"Masikini! Kilete basi, niwasomee hapo penye kilio."

Siku zile vitabu viliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni; msomaji alizipasua mwenyewe kwa kisu cha karatasi. Shangazi alikigeuza kitabu huku na huku. Hakuna hata ukurasa mmoja uliopasuliwa.

"Ajabu," alisema. "Mlichungulia ndani kama panya?"

Mama akaanza kukoroga chai isiyo na sukari. Masikio ya Cecily yaliwaka moto. Alijua safari ya Whitby ndiyo hiyo inapotea.

"Sijakisoma, Shangazi," alisema. "Nilitaka bahari tu."

"Na wewe, wifi?"

"Lavinia, mtoto ameshasema," Mama alinong'ona. "Usinimalize."

Shangazi alitoa kisu mkobani, akampa Cecily. "Pasua mwisho. Hata mimi nataka kujua mlilia nini."

Kriiich! Cecily akasoma: bwana mkubwa, siku ya harusi yake, anamkimbiza nguruwe bustanini, nguruwe kaitia kofia ya bwana mdomoni. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, safari hii ya kweli.

"Nguruwe aliipata wapi kofia?" Cecily aliuliza.

"Anzia mwanzo, utajua," Shangazi alijibu. "Na usikie, mwanangu. Mtu akinisoma kisha akanikosoa, najifunza. Sifa za uongo hazinifundishi kitu. Umesema kweli ilipokuwa ngumu, kwa hiyo ukimaliza tutakwenda Whitby. Hata usipokipenda, mradi uniambie."

"Na mimi je?" Mama aliuliza.

"Wewe, wifi, ngoja zamu yako ya kukisoma."