Sentensi ya Leticia

Mudi alikuwa anakatiza Mtaa wa Kongo na bomba la eksozi begani. Ncha ya bomba ikanasa dera la njano lililotundikwa dukani kwa Zamda, naye akaondoka nalo likipepea nyuma yake.

"We kaka, unaenda wapi na dera langu?"

Akageuka. Msichana wa baibui jeusi na mtandio wa zambarau alikuwa anahema mbele yake.

"Samahani, dada. Nilidhani watu wananicheka sura."

"Sura nayo wataifikia."

Dera lilikuwa limechanika, Mudi akalilipia, akaondoka nalo pamoja na namba ya Zamda. Jioni akapiga simu.

"Dera lako halinitoshi."

"Punguza ugali, mpenzi."

"Umeniitaje?"

Zamda alicheka, na simu hakuikata.

Mapenzi yakakolea. Mudi aliahidi kupeleka posa baada ya Ramadhani. Wakajiunga wote na darasa la Kiingereza la jioni, Mnazi Mmoja, kwa ajili ya wateja wa Zambia.

Jioni moja Mwalimu Rogath alileta mtindo mpya. Kila mtu asimame, aseme maisha ya jirani yake kana kwamba ni yake: zamani yalikuwaje, sasa yakoje. Zamda alikaa na Leticia, muuza viatu aliyekuwa ameachana na fundi magari wa Ilala.

Mudi alichelewa kutoka gereji ya Gerezani. Alifika mlangoni, mikono bado ina grisi, Zamda akiwa amesimama.

"I used to love a mechanic. I don't love him anymore."

Zamani alimpenda fundi. Sasa hampendi tena. Darasa zima likacheka. Mudi akarudi alikotoka, na tangu hapo hakupokea simu.

Ijumaa ilikuja posa ya mwanamume mwingine nyumbani kwa Zamda. Shangazi yake akasimama mlangoni pa chumba.

"Mwanangu, wageni wanangoja jibu. Unasemaje?"

Chini ya mtandio simu ilikuwa sikioni, ikiita. Mudi akipokea tu, Zamda angelitaja jina lake. Asipopokea, angemtaja nani? Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Shangazi alisubiri, akamtazama binti aliyeinamisha kichwa na kunyamaza, akatabasamu. Kwao, msichana akinyamaza amekubali. Sebuleni vigelegele vikapanda.

Baada ya wiki Leticia alimkuta Mudi gereji.

"Wewe fundi una akili kweli? Yale yalikuwa maisha yangu. Zamda aliyasema tu."

Mudi alikwenda Kongo mbio, bomba la mteja likiwa bado begani. Zamda alikuwa anapanga madera, hina mpya viganjani.

"Nimeelezwa," Mudi alisema.

"Mahari imeshapokelewa."

"Nikaongee na baba yako."

"Kaongee. Atakuuliza ulikuwa wapi siku ile. Utamjibu nini?"

Mteja akauliza bei, Zamda akamjibu.

"Zamda, ulikuwa unanipenda?"

"Ile sentensi ya Leticia ina vipande viwili, Mudi, cha zamani na cha sasa. Mimi cha pili kinanishinda."

Nyuma watu walianza kumsukuma, njia ni nyembamba. Zamda akachukua upondo wa kutungulia nguo, akayainua madera juu, moja moja, ili bomba lisinase.

"Pita," alisema.