Kope la Chini

Jumatano ni siku ya maji kwenye ploti za nyumba za kupanga za Kariobangi South, na anayelala siku hiyo hukaa na mitungi mitupu hadi mwisho wa wiki. Nzembi alilijua hilo vizuri. Jua lilipochomoza tayari alikuwa amepanda na kushuka ngazi mara kadhaa, mitungi ikimvuta mabega. Alipomaliza alipiga pasi sare yake, akapika chai ya rangi, kali na nyeusi kabisa, akainywa akiwa amesimama. Alihitaji kuamka. Mitihani ya gredi ya nane ilikuwa imekaribia, na kila usiku alisoma kwa simu ya mama yake chini ya blanketi mpaka macho yakawasha.

Kikombe kikiwa bado mdomoni, jicho la kushoto likaanza tena. Halikuwa jicho zima, ni kope la chini tu. Lilitikisika lenyewe, likatulia, likatikisika tena, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi.

"Mama, hebu niangalie. Jicho linacheza tangu wiki jana. Si nimwone daktari?"

Mama yake alikuwa akipanga maandazi ya kuuza sokoni. Akaangua kicheko. "Daktari? Watu wamepanga foleni na miguu iliyovunjika, nawe uwapelekee kope? Watatucheka, Nzembi." Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Ni la juu ama la chini?"

"La chini."

Kicheko kikakatika. Mama akautazama mlango wa chumba cha kulala. Ndani, mumewe Munyoki alikuwa akitafuta nguo za safari. Munyoki alikuwa dereva wa lori, na alfajiri ya Alhamisi angeelekea Malaba na shehena ya saruji.

"Ni upepo tu," mama alisema upesi. "Haya, utachelewa shule."

Nzembi hakuwa mtoto mdogo. Aliuona uso wa mama ukibadilika, naye akautazama mlango ule ule.

Njiani alikutana na rafiki yake Triza, aliyeishi orofa ya kwanza katika ploti hiyo hiyo. Baba yake Triza, Bwana Shiundu, alikuwa dereva katika kampuni moja na Munyoki.

"Niaje, Nzembi! Mbona unanikonyezea?"

"Sikukonyezei. Jicho linacheza."

"Juu ama chini?"

"Chini."

"Woi! Kukhu yangu husema, likicheza la juu utaona mgeni. La chini, utalia. Na si kilio cha kuchapwa, ni kile cha matanga." Triza alisema hivyo kisha akaanza kulalamika juu ya hesabu za jana, kana kwamba hakusema kitu.

Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuingia. Kukhu, nyanya yake Triza, aliishi Kakamega. Nyanya yake Nzembi, ambaye wao humwita susu, aliishi Kitui, naye likizo iliyopita alisema vivyo hivyo. Vikongwe hao hawakuwahi hata kuonana. Iweje wakubaliane juu ya uongo? Mchana kutwa mwalimu aliongea na ubao, Nzembi akiona lori tu, limepinduka mahali fulani, na saruji imemwagika barabarani.

Jioni hiyo, baba akiwa anaoga, Nzembi alitia mkono katika mfuko wa koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango. Alitoa leseni ya udereva, akaenda nayo jikoni, akaizika ndani ya gunia la mahindi yaliyotoka Kitui. Alijiambia kwamba anamwokoa baba yake.

Alfajiri nyumba ilipinduliwa juu chini. Mlinzi wa lango la kampuni hakuruhusu lori litoke bila kuiona leseni ya dereva, na Munyoki alilijua hilo.

"Mwaitu, hujaiona leseni yangu?" aliuliza. Alipenda kumwita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu Nzembi alipewa jina la mama mzazi wa Munyoki.

"Sijaiona, baba."

Neno lilitoka jepesi mno. Baada ya muda simu ililia. Munyoki alisikiliza, akasema "Ndio, bosi" na "Pole, bosi," kisha akaketi kwenye kigoda.

"Meneja amesema hili likitokea tena nitafute kazi kwingine," alimwambia mkewe. "Safari amepewa Shiundu. Maskini, amerudi jana tu kutoka Mombasa, hata hajalala vizuri."

Nzembi alikuwa ameanza kushusha pumzi. Aliposikia jina hilo, akamkumbuka Triza. Baba yake alikuwa salama pale kwenye kigoda, lakini kope la chini lilikuwa bado linacheza. Kama si baba yake, basi ni baba wa nani?

Siku hiyo hakuweza kumtazama Triza usoni. Triza alikuwa na furaha yake, akisema baba ameahidi kumletea viatu akirudi. Nzembi aliitikia "mm" na "sawa," akagawa chakula chake kwa wengine. Usiku hakulala. Asubuhi alikunywa chai ya rangi kupita kawaida, na jicho likazidi.

Ijumaa mchana Triza alimjia uwanjani polepole, bila utani wake wa kila siku.

"Baba hajapiga simu tangu jana. Kila safari akifika Nakuru lazima apige. Mama anampigia, hapatikani." Akamtazama Nzembi. "Jicho lako, bado?"

Nzembi alilifunika jicho kwa kiganja. Triza akaanza kulia, akiogopa maneno yake mwenyewe.

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia Nzembi alikimbia njia nzima, akipita mafundi wa jua kali wanaogonga mabati bila kuwasikia. Alimkuta baba yake sebuleni. Aliingia jikoni, akachimbua gunia la mahindi, akarudi na leseni imejaa vumbi, akaiweka mezani. Kisha akapiga magoti na kusema yote: jicho, kukhu, susu, gunia, uongo. Alilia mpaka maneno yakachanganyika.

"Nimemtuma baba yake Triza akafe, baba. Nimemtuma badala yako."

Munyoki hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Nzembi zaidi. Alichukua simu akampigia meneja. Aliongea kwa muda, akauliza, akasikiliza, akafuta jasho kwa kiganja.

"Shiundu yuko hai," alisema hatimaye. "Alisinzia kwenye usukani karibu na Naivasha. Gari liliacha lami, akashtuka kabla halijaingia mtaroni. Akaegesha, akalala kama gogo, simu ikaisha chaji, na hakupata pa kuichaji hadi leo. Amempigia meneja sasa hivi." Akamgeukia bintiye. "Unasikia, mwaitu? Kope lako halikutaka kumuua mtu. Usingizi ndio uliotaka. Na mtu aliyechoka alikuwa barabarani kwa sababu leseni yangu ilikuwa kwenye mahindi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake la maandazi. "Nami nina makosa," alisema kwa sauti ya chini. "Aliniuliza kama aende kwa daktari. Nikamcheka, halafu nikaingiwa na hofu, nikamficha hofu hiyo. Kesho tunakwenda."

Daktari Wacera wa kituo cha afya cha mtaani hakucheka. Alimulika jicho kwa tochi ndogo, akaanza kuuliza. Je, jicho hufumba lenyewe kabisa? Shavu au mdomo nao huvutwa? Kuna wekundu, uvimbe, usaha? Kope huanguka? Unaona vizuri? Kwa kila swali Nzembi alijibu kuwa hakuna tatizo.

"Unalala saa ngapi? Na unakunywa nini asubuhi?"

Hapo Nzembi akatazama viatu vyake. Aliposimulia habari za blanketi, simu na chai, daktari alitikisa kichwa.

"Hili si la dawa," alisema. "Msuli mdogo wa kope umechoka, na hofu imeuchosha zaidi. Lala mapema, punguza chai kali, pumzisha macho. Aghalabu hutulia lenyewe. Lakini likiendelea kwa wiki nyingine kadhaa, au ukiona lolote kati ya yale niliyokuuliza, rudi hapa mara moja."

"Kwa hivyo tumekusumbua bure?" mama aliuliza.

"Bure? Mama, kujua kwamba si ugonjwa ni sehemu ya kazi yangu."

Jioni hiyo Munyoki alimpeleka Nzembi orofa ya kwanza. Bwana Shiundu alikuwa amerudi baada ya kumwachia dereva mwingine lori, macho mekundu, amekaa na familia yake. Nzembi aliomba radhi mbele ya wote. Triza akasogea kwenye kochi akampa nafasi ya kuketi. Meneja naye aliambiwa ukweli. Aliguna, akamwonya Munyoki, akamrudishia safari zake.

Alfajiri ya safari iliyofuata Munyoki alisimama mlangoni na mkoba begani. Nzembi alikuwa ameamka kumuaga.

"Mwaitu, sikia neno langu," alisema. "Mwili ukikueleza jambo, tuambie. Ukiona tumepuuza, tuambie tena. Tukishindwa, yupo daktari. Lakini usifungie hofu moyoni ukaanza kuitafutia dawa peke yako, kwa sababu inaweza kumuumiza mtu ambaye hakuijua."

"Nimesikia, baba." Akasita. "Lakini jana lilicheza tena kidogo."

Munyoki akainua nyusi. "La juu ama la chini?"

Nzembi alimpa leseni yake, aliyokuwa ameipangusa mpaka ikang'aa.

"La mtoto aliyechelewa kulala," alisema, akamfungulia mlango.