Sindano Baada ya Somo

"Mchome, mama! Mtu analia hivi, wewe unamfanyisha mtihani?"

"Nikimchoma atalala mpaka kesho," mpishi alijibu. Sindano aliibana kwapani isigande. "Akilala kabla sijajua, sote tumelala."

Fundi wa mitambo alitukana. Barafu ilikuwa imeibana meli yao tangu juzi, na asubuhi hiyo ikaipasua kama njugu. Waliobaki juu ya pande hili la barafu ni watatu: fundi, mpishi, na shemeji yake mpishi, mdogo wa mumewe, baharia aliyesagwa mguu na mlango wa chuma. Walikuwa na redio moja ya mkononi. Meli pekee iliyojibu, ambayo wangelazimika kuifuata kwa miguu, ilikuwa ya Wachina, na aliyeshika redio huko hakujua lugha nyingine. Shemeji alikuwa amesoma kwa Wachina miaka minne. Lakini redio ilikamata juu ya kilima cha barafu tu, na kumpandisha huko kungemmaliza.

"Tena, shemeji. Kusini?"

"Nan."

"Kaskazini?"

"Bei. Maji, shemeji..."

"Mashariki kwanza."

"Dong. Magharibi, xi."

Akamtilia mdomoni theluji aliyoiyeyusha kwenye kopo. Funda moja, basi.

"Ncha ni ji," shemeji alihema. "Huku tuliko ni nanji. Kusini, ncha."

"Na kati ya kaskazini na magharibi?"

"Wao huanza na magharibi. Xibei."

Fundi alijiziba masikio, akageukia upande wa pili. "Kichina hakikuniingia nikiwa nimeshiba, kitaniingia leo?"

Mpishi hakumjali. Alidai moja mpaka tano, akadai neno la watu na la kilomita. Shemeji alipozimia, alimzaba kofi. Alipozimia tena, aliubonyeza ule mguu. Mayowe yalikwenda mbali, hayakumrudia. Mpishi alipoweza mwenyewe kuyasema maneno yote mara tatu bila kukosea, alimchoma shemeji sindano, akamfuta machozi kwa mkono uleule uliompiga.

Kisha akapanda kilima kwa magoti.

Sauti ilikuja imekatikakatika. "Xibei. San gongli." Ikarudia. Akaelewa: meli iko kaskazini-magharibi, kilomita tatu.

"San ren," alijibu. Watu watatu.

Chini yake barafu ilinguruma. Ufa mwembamba ulipita katikati ya pande lao, maji meusi yakaonekana.

Aliporudi, alimkuta fundi amevaa koti la mgonjwa juu ya lake.

"Amelala, hatajua," fundi alisema. "Wawili tutafika. Tukimburuta, tunakufa wote."

"Nimewaambia watatu."

"Watahesabu tukifika."

Mpishi aliishika dira iliyoning'inia shingoni mwake. "Haya, tangulia. Wako upande gani?"

Fundi aligeuka huku na huku. Pande zote ukungu mweupe.

"Uliziba masikio," mpishi alisema. "Njia iko kichwani mwangu, na mimi siondoki bila shemeji yangu. Vua koti."

"Huna huruma wewe!"

"Sina. Vua."

Fundi alivua. Mpishi alimvisha shemeji yake, akamviringisha kwenye turubai, akafunga kamba. Kitanzi kimoja akakipitisha kifuani mwa fundi, kingine akajivika mwenyewe. Akaitazama dira.

"Vuta," alisema, na wakaanza kuvuta.